Kabureta ya Yamaha DT1: baki na milimita 26

Ndugu yangu, umeuliza kama pikipiki yako ya DT1 ya 1968 uifunge kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) yenye mdomo wa milimita 30, kwa kuwa slaidi (kizibo kinachopanda na kushuka ndani yake kupitisha hewa) ya ile ya zamani imelika. Nakushauri usifanye hivyo. Tafuta kabureta ya Mikuni ya milimita 26, kipimo ilichotoka nacho kiwandani. Waya wa eksileta umegawanyika: mmoja unainua slaidi, mwingine unavuta pampu ya oili. Kabureta kubwa ikibadilisha mwendo wa slaidi, oili haitalingana na petroli, na injini ya mipigo miwili ikikosa oili inanoki.

Anza na jeti (kitundu cha kupitishia petroli) kubwa kidogo. Kimbiza pikipiki, kamata klachi, zima papo hapo, fungua plagi uitazame rangi. Rangi ya kahawa ni salama. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo: weka jeti kubwa zaidi, na hakikisha hewa haipenyi kwenye maungio.