Mhusika husogea hatua moja tu, na mibofyo ya kipanya hupotea

Swali: Ninajifunza kutengeneza michezo ya kompyuta kwa Python nikitumia Pygame, maktaba ya kutengenezea michezo. Nikishikilia mshale wa kulia, mhusika wangu husogea hatua moja kisha husimama mpaka niuachie na kuubonyeza upya. Aidha, kitufe nilichokichora kwenye skrini mara hukubali kubofywa, mara hukataa. Ndani ya kitanzi kikuu, yaani msimbo unaojirudia muda wote mchezo unapoendelea, ninaita pygame.event.get() mara mbili: kwanza kuangalia kama mchezaji amefunga dirisha, kisha katika fanksheni inayoshughulikia kipanya. Nimekosea wapi?

Jibu: Una makosa mawili, na kila moja lina chanzo chake.

Nitaanza na mibofyo inayopotea, kwa kuwa umenirahisishia kazi kwa kutaja mwenyewe penye tatizo. Pygame huyaweka matukio ya kibodi, ya kipanya na ya dirisha katika foleni moja, na kila unapoita pygame.event.get() hukabidhiwa yote yaliyomo, foleni ikabaki tupu. Wito wako wa kwanza huchota kila kitu, hutafuta humo QUIT (tukio la kufunga dirisha) peke yake, na mengine huyatupa, mbofyo ukiwamo. Wito wa pili huambulia tu yale yaliyoingia katika muda mfupi mno kati ya miito hiyo miwili. Ita pygame.event.get() mara moja tu katika kila mzunguko, kisha ikabidhi ile fanksheni tukio linaloihusu badala ya kuiacha ikachote yenyewe. Na unapopima kama mbofyo umeangukia kwenye kitufe, tumia event.pos badala ya pygame.mouse.get_pos(), kwa sababu ya kwanza hueleza kipanya kilikuwa wapi wakati wa kubofya, ilhali ya pili hueleza kilipo sasa, na mchezaji mwenye haraka huenda ameshakisogeza.

Kuhusu mshale, tukio la KEYDOWN hutolewa mara moja tu kitufe cha kibodi kinapobonyezwa, na halirudiwi kwa kitufe kilichoshikiliwa isipokuwa umeagiza hivyo kwa pygame.key.set_repeat(). Siipendekezi njia hiyo kwa mwendo: mhusika atapiga hatua, atasita, kisha ataendelea kwa mishtuko, kama herufi zinavyojirudia unapoandika barua. Unachohitaji kujua si kwamba mshale ulibonyezwa, bali kwamba bado umeshikiliwa, na hilo hujibiwa na pygame.key.get_pressed(), ambayo utaiita katika kila fremu (picha moja inayochorwa katika kila mzunguko wa kitanzi) baada ya kumaliza kushughulikia matukio. Usiifute KEYDOWN kwa sababu hiyo. Kuruka, kufyatua risasi na kusimamisha mchezo ni mambo ya mara moja: ukiyasoma kwa get_pressed(), mchezo utasimama na kuendelea mara kadhaa kabla kidole hakijanyanyuka, na bonyezo la haraka lililoanza na kuisha kati ya fremu mbili halitaonekana kabisa.

Ukishabadilisha hayo, mhusika atasogea katika kila fremu, na kasi yake itategemea nguvu ya kompyuta. Kwa hiyo unda clock = pygame.time.Clock() kabla ya kitanzi, kisha weka clock.tick(60) mwishoni mwake. Hudhibiti fremu zisizidi 60 kwa sekunde na hurudisha milisekunde zilizopita tangu wito uliotangulia. Zigawe kwa 1000, kisha zidisha na kasi unayoitaka, tuseme pikseli 200 kwa sekunde, nawe utapata hatua ya takriban pikseli 3.3 kwa fremu. Hatua hiyo usiijumlishe moja kwa moja kwenye Rect, yaani mstatili wa Pygame unaotunza mahali alipo mhusika, kwa kuwa Rect hutunza namba kamili na hukata desimali: kutoka 100 kwenda kulia mhusika atafika 103, lakini kwenda kushoto atafika 96, na utashangaa kwa nini ana kasi zaidi upande mmoja. Tunza nafasi yake katika kigeu cha desimali, na Rect uipe thamani iliyokadiriwa kwa round() wakati wa kuchora tu.