Jiko la plati nne halichomekwi kwenye soketi ya kawaida

Ndugu, umeuliza kama jiko lako jipya la umeme, lenye plati nne na oveni, linaweza kutumia soketi ya friji. Haliwezi. Soma kibandiko cha nyuma: ikiwa kimeandikwa wati 7,000, basi kwa umeme wa volti 230 jiko hilo, vyote vikiwaka kwa pamoja, litavuta takriban ampea 30, ilhali soketi ya ampea 13 hubeba wati 3,000 tu hivi. Nimewahi kufungua plagi iliyolazimishwa kazi hiyo. Pini moja ilikuwa imebadilika rangi na plastiki kuizunguka imelainika kama nta.

Mwite fundi umeme mwenye leseni alipitishie jiko waya wake wa pekee kutoka kwenye breka yake, aunganishe bila visingizio waya wa ethi (ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja), na aweke swichi ya kuzimia ukutani pembeni mwa jiko, wala si juu yake, ili mafuta yakishika moto usilazimike kupitisha mkono kwenye miali. Moto wa namna hiyo usiumwagie maji kamwe: zima swichi, funika sufuria kwa mfuniko, uiache ipoe hapo hapo.