Jibu: Nani alianza kutumia mvuke uleule kuchemsha juisi ya miwa mara ya pili?

Mkuu, unayemtafuta ni Norbert Rillieux, chotara aliyezaliwa huru New Orleans mwaka 1806. Kabla yake watumwa walihamisha juisi inayochemka kwa upawa, sufuria hadi sufuria, juu ya moto wa kuni. Kuungua kulikuwa kawaida, na sukari nayo iliungua.

Hataza yake (hati ya haki ya uvumbuzi) ya 1843 ilifunika vyungu: mvuke unaotoka kwenye juisi ya chungu cha kwanza unapita kwenye mabomba ya cha pili na kukichemsha. Lakini kazi kubwa iko kwenye pampu (hapa wengi hupasahau). Inanyonya hewa ili chungu kinachofuata kichemke kwa joto dogo zaidi. Hewa ikivujia ndani, joto hilo dogo halitoshi kukichemsha. Magamba (ukoko mgumu unaoachwa na juisi) yakiganda kwenye mabomba, joto halipiti vizuri; yasugue.