Christmas in August: itazame, ila usitegemee mabusu

Dada, umeuliza kama Christmas in August ya 1998 inafaa au itakupotezea usiku wako bure. Itazame. Ni filamu ya Korea Kusini, filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Hur Jin-ho. Han Suk-kyu ni mpiga picha mwenye studio ndogo, anajua ugonjwa hautamwacha. Shim Eun-ha ni askari wa maegesho anayempelekea picha za magari azisafishe. Hakuna kukimbizana uwanja wa ndege. Wanakula aiskrimu, wanacheka, basi.

Kilichonimaliza mimi ni pale huyo mpiga picha anapomfundisha baba yake kutumia rimoti ya deki. Mzee hashiki, kijana anachoka, anainuka kwa hasira. Baadaye anakaa kumwandikia hatua moja moja kwenye karatasi, maana hatakuwepo wa kuulizwa. Nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Kama umezoea zile tamthilia za Kikorea za tajiri na mama mkwe mkorofi, mwanzo utaona inajikokota. Vumilia, ni dakika 97 tu. Na usiiangalie kwenye daladala. Wanaongea kidogo, nyuso ndizo zinazosema.