Kusini ya Rufiji hakuna twiga, lakini pori halijafa

Mkuu, umeuliza kama pori la huku kwetu Lindi limekufa, maana umeshinda kutwa upande wa Liwale hukuona twiga hata mmoja. Mimi ni mzaliwa wa Liwale na nimeendesha wageni porini, ngoja nikujibu.

Twiga wa Selous, ndilo pori letu hili, wanakaa kaskazini ya mto Rufiji. Kusini yake hawapo, kwa hiyo kuwakosa si dalili ya ujangili. Ujangili ulikuwepo, na uliwamaliza tembo: mwaka 1976 walihesabiwa zaidi ya 100,000, mwaka 2013 wakabaki kama 13,000. Hilo linaniuma mpaka leo, hata baada ya sehemu kubwa ya pori kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Halafu umekwenda na macho ya Serengeti. Huku ni miombo, msitu wa miti iliyoachana, na ardhi yake haina rutuba. Nyasi zikikomaa zinakuwa ngumu, hazishibishi, kwa hiyo wanyama wanatawanyika vikundi vidogo vidogo. Palahala dume, swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, anaweza kusimama kivulini karibu kabisa na njia mkampita. Kongoni na pofu vilevile. Wewe umekwenda Mei, nyasi ziko kimo cha mtu. Ungeona nini?

Nenda Septemba au Oktoba. Nyasi zimeshaungua, maji yamebaki kwenye mabwawa na mito ya mchanga, na tembo wanachimba mchanga kwa miguu na mkonga wapate maji. Hapo ndipo pa kuegesha gari na kungoja, usikimbizane na wanyama. Miombo nayo huchipua majani mekundu kabla mvua hazijanyesha. Kwangu mimi hakuna hifadhi nyingine inayopendeza kama hii mwezi huo.

Usivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata rangi hizo. Mbung'o ndio sababu iliyotolewa na serikali ya mkoloni miaka ya 1940 ilipowahamisha wazee wetu wa Kingindo: wanaeneza ugonjwa wa malale. Miembe utakayoiona katikati ya pori haikujiotea, palikuwa vijiji.

Ila mvua zikishaanza usihangaike. Kwenye mfinyanzi hata gari la 4x4 linazama.