Ukiandikiwa matone ya steroidi, omba upimwe presha ya macho

Matone ya macho ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, yaliniponya. Nilikuwa na uvimbe ndani ya jicho, jekundu, hata mwanga wa dirishani unaniuma, na prednisoloni, mojawapo ya steroidi, ikatuliza yote hayo haraka. Kwa hiyo simtishi mtu aache dawa. Ila nilipokwenda kliniki ya marudio, jicho si jekundu tena na mimi najiona nimepona, kipimo kilionyesha presha ya jicho imefika 34. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Sikuwa nasikia maumivu wala ukungu.

Presha hii si ile ya damu. Presha ya damu inayopimwa mkononi inaweza kuwa sawa kabisa huku jicho likiwa hatarini. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote na kutoka kupitia kichujio kidogo. Kwa baadhi yetu steroidi hukifanya kichujio hicho kizibe, maji yanabaki, presha inapanda na kuubana mshipa wa fahamu wa jicho. Mshipa huo ukiharibika hautengenezeki. Uoni huanza kupotea pembeni, taratibu, na mtu hajui.

Hatufanani. Kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaotumia matone haya presha ya jicho hupanda kiasi, na kwa wachache, kama 5 kwa 100, hupanda sana. Walio hatarini zaidi ni wenye glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa huo wa jicho, mara nyingi kwa sababu ya presha) au mzazi au ndugu mwenye glakoma, wenye kisukari, wasioona mbali kwa kiwango kikubwa, na watoto. Mara nyingi huanza baada ya wiki 2 au zaidi za matone. Basi dawa ikivuka wiki 2, omba kipimo, hata kama jicho limetulia.

Wanaonipa wasiwasi kuliko wote ni watoto wenye mzio wa macho. Macho yanawasha, mama ananunua matone duka la dawa, yanatulia, yakianza tena ananunua tena, mwaka unapita. Matone hayo mara nyingi ni deksamethasoni iliyochanganywa na antibayotiki, hivyo watu hudhani ni dawa ya kuua vijidudu tu. Soma boksi: jina linaloishia na “sone” au “solone” ni steroidi. Kwa mzio zipo dawa zisizo na steroidi, kama olopatadini, mwulize daktari. Hata krimu za kung'arisha uso zenye betamethasoni au klobetasoli, ambazo nazo ni steroidi, zikipakwa karibu na kope kwa muda mrefu, zinaweza kupandisha presha ya macho.

Mimi sikuacha dawa kwa uamuzi wangu. Daktari alinipunguzia polepole, akanibadilishia aina isiyopandisha sana, akaongeza matone ya timololi ya kushusha presha ya jicho, na ikashuka. Kama una pumu, mwambie kabla hajakuandikia timololi, maana inaweza kubana kifua. Na anayemeza prednisoloni kwa muda mrefu asikatishe ghafla kwa kuogopa macho: mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake inayofanana na dawa hiyo, na kuacha kwa ghafla kunaweza kuhatarisha maisha.

Anayekupima mwombe aandike namba za macho yote mawili, pamoja na tarehe, kwenye daftari lako la kliniki. Ukihamia hospitali nyingine, daktari mpya atakuwa na cha kulinganisha.