Databesi ikiachwa na mwenyewe, kampuni ikaichukua: niliyoyaona kwa Bolt na bbolt

Mkuu, umesema mfumo wenu wa stoo unategemea databesi huria ambayo mwenyewe ameiacha, na sasa kuna kampuni imechukua msimbo na kuuendeleza pembeni kama foki. Unauliza kama muifuate au mhamie kwingine kabisa. Wachangiaji wengi hapo juu wamejibu kwamba kampuni haziaminiki, leo zipo kesho zimefungwa. Mimi ningeanza na swali jingine: hiyo databesi ikifa, kampuni yenyewe inaumia wapi?

Mifumo ninayoihudumia, ya maduka ya dawa ya jumla, imeandikwa kwa lugha ya Go, na mwanzoni data yake yote ilikaa kwenye Bolt. Bolt haina seva. Inaishi ndani ya programu yako na kila kitu kiko kwenye faili moja. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, muamala uliokamilika unaukuta, na ambao haukukamilika ni kama haukuwahi kuanza. Kwa wateja wangu hilo lina thamani kuliko kasi.

Mwandishi wake, Ben Johnson, aliifunga mwaka 2018. Alieleza sababu waziwazi, na namheshimu sana kwa hilo: kutunza databesi kunakula muda na nguvu nyingi mno, badiliko dogo linaweza kuharibu data za watu, hivyo hata rekebisho jepesi linadai saa nyingi za majaribio. Bolt ilikuwa imetulia, akaiacha ilivyo, na anayetaka iendelezwe akamwelekeza kwenye bbolt, foki ya kampuni ya CoreOS.

CoreOS walikuwa na shida yao. Bidhaa yao etcd, hifadhi ya data za mipangilio, ilijengwa juu ya Bolt, na etcd ndimo Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la kompyuta (klasta), inamotunza kumbukumbu za klasta nzima. Bolt ikiyumba, etcd inayumba, na kila anayeendesha Kubernetes anayumba nayo. Sasa angalia yaliyofuata. Januari 2018 Red Hat wakainunua CoreOS kwa dola milioni 250. Desemba mwaka huohuo etcd ikakabidhiwa CNCF, taasisi inayosimamia miradi huria kama Kubernetes. Mwaka 2019 IBM wakamaliza kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Wenye mali wamebadilika mara kadhaa, bbolt bado inatunzwa, maana wanaoihitaji hawajaondoka.

Faida kubwa ya bbolt iko kwenye jambo moja la ndani. Ukifuta data kwenye Bolt, faili halipungui. Kurasa (vipande vya faili) zilizoachwa wazi zinaingizwa kwenye orodha ili zitumike tena, na orodha hiyo nzima inaandikwa upya diskini kila muamala unapokamilika. Data ikiwa ndogo huoni kitu. Ukiandika na kufuta kwa wingi kwa muda mrefu, orodha inavimba. Kwenye bbolt kukaongezwa chaguo la kutoiandika kabisa diskini, na mwaka 2019 wahandisi wa Alibaba wakachangia njia mpya ya kuitunza ili kutafuta nafasi kusiwe kuzito databesi inapokua.

Waliobaki na Bolt ya zamani hawakuyapata hayo. Oktoba 2021 Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, ilikaa saa 73 bila huduma. Katika taarifa yao walieleza kwamba Consul, programu waliyokuwa wakiitumia ili huduma zao zipatane kwenye mtandao, ilihifadhi kumbukumbu zake kwenye Bolt. Faili lilikuwa GB 4.2, data halisi ndani yake MB 489 tu. Orodha ya kurasa tupu peke yake ilifika MB 7.8, na iliandikwa yote kila walipoongeza kumbukumbu ya KB 16 au pungufu. Haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa mojawapo ya mbili kubwa, na sehemu ya tiba ikawa kuhamia bbolt.

Kwetu kuhama kulikuwa kwepesi. Tulibadilisha njia ya maktaba kutoka github.com/boltdb/bolt kwenda go.etcd.io/bbolt, tukajenga upya, faili lilelile likafunguka. Kisha tukaendesha `bbolt check` kukagua na `bbolt compact` kupunguza faili. Ila ujue kwamba chaguo la kutoiandika orodha tulilazimika kuliwasha wenyewe, na lina gharama: programu inapofunguka inapitia faili zima ili kuijenga orodha upya. Faili likiwa kubwa, mhudumu wa kaunta anasubiri.

Linganisha na RethinkDB, databesi nyingine huria. Kampuni iliyoitengeneza ilifunga 2016, na 2017 CNCF wakanunua msimbo kwa dola 25,000, wakabadilisha leseni kutoka AGPL kwenda Apache, wakaukabidhi kwa Linux Foundation, taasisi mama ya CNCF. Kisheria iliokolewa vizuri kabisa. Lakini hakukuwa na kampuni kubwa ambayo mkate wake ulitegemea databesi hiyo, na toleo la 2.4 lilikuja mwishoni mwa 2019. Watu wa kujitolea walifanya kazi ya kusifiwa, ila mwenye duka anayesubiri tatizo lirekebishwe hawezi kusubiri hivyo.

Kwa hiyo kwenu, tafuteni kama hao waliofanya foki wanaiendesha wenyewe kwenye huduma inayowaingizia pesa. Angalieni pia kama watu wa nje ya kampuni wanatuma marekebisho na yanapokelewa. Leseni isomwe na mtu, isiwe kuangalia kichwa tu. Bolt ilikuwa na leseni ya MIT, inayoruhusu karibu kila matumizi, ndiyo maana kila mtu aliweza kuichukua. Na kabla ya yote, nakilini faili la databesi, lifungueni kwa foki, endesheni mauzo ya kuigiza, kisha chomoeni waya wa umeme wakati inaandika. Rudieni. Wekeni hapa jina la databesi na kilichotokea, nami nitapitia historia ya mabadiliko ya hao jamaa.